Hiyo Roboti Kwenye Mti Wako wa Krismasi Si ya Utoto Wako

Najua niliahidi sehemu ya pili ya somo la hifadhidata, na itakuja. Lakini Desemba iko mlangoni na kuna jambo linanikereketa, lazima nilitoe kwanza. Wapenzi wa roboti mnisamehe mapema. Au msinisamehe, vyote sawa.

Jambo lenyewe ni haya mapambo ya mti wa Krismasi yenye sura ya roboti za kuchezea za zamani. Bila shaka umeyaona. Optimus Prime wa plastiki, mwekundu na buluu, urefu wa kidole, ana kitanzi kichwani cha kumning'inizia. R2-D2 wa Star Wars naye yumo. Yanaagizwa kutoka Marekani, yanafika kila moja na kisanduku chake kilichoandikwa mwaka, na mwenyewe hataki hata mtoto wake ayaguse. Sisi watu wa kompyuta ndio tumeyapapia zaidi. Desemba iliyopita, katika ofisi moja ya Nairobi ambayo sitaitaja, nilikuta mti mzima umepambwa hivyo. Kijana mmoja wa rika langu, mzaliwa wa Runyenjes kama mimi, alikuwa akiwaeleza wageni kwa Kiingereza safi kwamba huo ndio utoto wake.

Si kweli. Si utoto wake, si wangu, na si wa mtoto yeyote niliyecheza naye kati ya Embu na Meru. Tumenunua kumbukumbu za watu wengine tukazitundika mahali pa zetu. Na ubaya wake si pesa. Ubaya wake ni kwamba sisi tulikuwa na roboti yetu, tuliitengeneza kwa mikono yetu, na tunaiacha ife pamoja na ufundi uliomo ndani yake.

Kwanza tujue tunachouziwa

Kampuni ya Hallmark, yenye makao yake Kansas City, inajulikana zaidi kwa kadi za salamu. Mwaka 1973 ilitoa mapambo yake ya kwanza ya Keepsake, aina 18 tu: mipira sita na vikaragosi 12 vya uzi. Ujanja haukuwa kwenye uzi. Ujanja ulikuwa kwenye kalenda. Pambo linatengenezwa kwa mwaka mmoja, linaandikwa mwaka huo, kisha basi. Ukilikosa umelikosa, kalitafute kwa mwenye nalo kwa bei atakayotaja yeye. Mwaka 1991 wakatoa chombo cha Enterprise cha Star Trek chenye taa ndani, na mpaka leo wakusanyaji wanakisaka. Toka hapo mlango ukafunguka: karibu kila shujaa wa televisheni wa Marekani akapewa kitanzi kichwani.

Kwa lugha ya kazi yetu, huu ni uhaba wa kuandikwa. Muundo upo, mashine ipo, plastiki ipo. Wameamua tu kuacha kubonyeza kitufe.

Na roboti zenyewe je? Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa na vichezeo vyake vilivyoitwa Diaclone na Micro Change. Mwaka 1984 Hasbro ya Marekani ikavichukua, ikaviita Transformers, na waandishi wa Marvel wakapewa kazi ya kuvitungia majina, tabia na vita. Katuni ikaanza mwaka huohuo, wakati ambapo serikali ya Marekani ilikuwa imelegeza kanuni za matangazo ya biashara kwenye televisheni. Mnaona mpangilio? Kichezeo kilitangulia dukani, hadithi ikaja baadaye kukitafutia wanunuzi.

Mwaka 1986 wakatoa filamu, na ndani yake wakamwua Optimus Prime. Waliohusika walikuja kueleza bila kuficha kwamba vichezeo vya zamani vilitakiwa kupisha vipya. Watoto walilia ndani ya kumbi za sinema. Machozi yao yalikuwa ya kweli kabisa, lakini kilichowaliza kilikuwa orodha ya bidhaa.

Sasa, mtu aliyezaliwa Chicago mwaka 1978 akinunua pambo hilo leo, sina neno. Aliuziwa utoto, ndiyo, lakini aliuishi. Sisi tuliuona kupitia dirisha la jirani.

Utoto wetu ulikuwa hivi

Mabwawa makubwa ya umeme ya Mto Tana, yaani Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988), yako pale chini, mpakani mwa Embu na majirani zake. Pamoja na hayo, kijiji chetu kilikuwa gizani miaka yote niliyokuwa shule ya msingi. Umeme ulipita juu ya vichwa vyetu ukienda zake. Jirani mmoja alikuwa na televisheni ya Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, inayoendeshwa kwa betri ya gari. Tukibahatika kukuta katuni ya roboti kabla betri haijaisha, tuliona kitu cha kijivu kikigeuka kuwa kitu kingine cha kijivu. Huyo ndiye Optimus Prime tuliyemjua. Hakuna mwenzangu hata mmoja aliyewahi kumshika mkononi.

Tulichoshika mkononi ni waya.

Shule zikifungwa mwishoni mwa mwaka, msimu wa waya ulianza. Likizo ni ndefu na kahawa inahitaji mikono, lakini jioni ni yako. Mjini kwao mama, upande wa Nkubu kule Meru, ilikuwa vilevile, na ndiyo maana najua kwamba hili halikuwa jambo la kijiji kimoja. Waya mnene wa ua ulikuwa wa kuunda bodi. Waya mwembamba, au vipande vya mpira wa tyubu, vilikuwa vya kufungia. Magurudumu yalikatwa kwenye slipaz zilizochakaa, au ukiwa na bahati ulipata mikebe ya rangi ya viatu ya Kiwi. Vizibo vya soda vilikuwa taa. Usukani ulikuwa juu, usawa wa kifua, umeunganishwa na ekseli ya mbele kwa fimbo ndefu, ili dereva akimbie nyuma ya gari lake huku akikata kona. Watu wa mjini walipofika kwa Krismasi walitukuta barabarani na msafara wa matatu za waya, kila moja na jina lake.

Kwa hiyo ukiniuliza kichezeo cha Krismasi cha Embu na Meru ni kipi, sina haja ya kufikiri. Msimu ni uleule, watu ni walewale, na mti wenyewe ulikuwa tawi la saiprasi lililokatwa kwenye ua, likapambwa kwa baluni na pamba ya kuigiza theluji ambayo hakuna aliyewahi kuiona isipokuwa kule juu kwenye kilele cha Kirinyaga.

"Lakini hiyo ni gari, si roboti"

Nimeambiwa hivyo mara nyingi, na hapo ndipo naomba tutulie kidogo.

Neno roboti lilikuja duniani kupitia tamthilia ya R.U.R. ya mwandishi wa Kicheki Karel Čapek, iliyochapishwa 1920. Limetokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa. Roboti ni kitu kinachofanya kazi ya kiungo cha mtu bila kuwa mtu. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima kiwe cha plastiki na kitoke Kansas City.

Wale waliokua mashambani watamkumbuka mwendesha baiskeli. Ni mtu wa waya aliyekaa juu ya baiskeli ya waya. Unamsukuma kwa fimbo, na kadiri gurudumu linavyozunguka, miguu yake inapiga pedeli, goti moja juu, jingine chini. Watoto wadogo walikimbia nyuma yake wakipiga kelele. Alikuwa anafanyaje kazi? Ekseli ya gurudumu haikuwa imenyooka. Ilipindwa katikati mara mbili, mpindo mmoja ukielekea juu na mwingine chini, na kila mpindo umeshikwa na ncha ya mguu. Gurudumu likizunguka, mpindo unapanda na kushuka, mguu unaufuata, goti linakunjika.

Ndugu zangu waandikaji programu, tazameni vizuri hapo. Kuna ingizo: mzunguko wa gurudumu. Kuna tokeo: mwendo wa mguu. Katikati kuna kanuni inayogeuza hiki kuwa kile, na kanuni hiyo imeandikwa kwa waya. Ukikosea mpindo kwa upana wa kucha, goti linakwama. Unakunjua, unapinda upya, unajaribu tena. Mimi nilijifunza kusaka hitilafu miaka mingi kabla sijagusa kompyuta, nimechuchumaa vumbini na koleo ya babu isiyofunga vizuri. Chuo kikuu waliniongezea majina ya mambo hayo.

Roboti ya plastiki inayoning'inia mtini haisogei hata mkono. Yetu inatembea. Sasa niambie ipi ni roboti na ipi ni picha ya roboti.

"Waya ni alama ya umaskini"

Hili ndilo pingamizi lenyewe, mengine ni kuzungukazunguka. Watu wanaona aibu. Kuweka mtu wa waya kwenye mti wa Krismasi sebuleni Nairobi ni kukiri kwamba baba hakuwa na pesa za kichezeo cha duka. Bora Optimus.

Basi sikilizeni kisa cha Japani. Vita vilipokwisha mwaka 1945, nchi ile ilikuwa majivu. Huko Otsu, fundi wa vichezeo aliyeitwa Matsuzo Kosuge alikusanya mikebe ya chakula iliyotupwa na wanajeshi wa Marekani, akainyoosha, akaikata, akatengeneza vigari vidogo vya jipu. Kabla mwaka haujaisha vilikuwa vinauzwa Kyoto na watu wanavigombania. Kutoka kwenye mikebe hiyo viwanda vya vichezeo vya bati vya Japani vilisimama tena, vikauza nje bidhaa zenye maandishi ya kwamba zimetengenezwa katika Japani iliyokaliwa. Miaka ya hamsini vikawa vinatoa roboti za bati, zile ambazo leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani wanazilipia pesa nyingi. Takara na roboti zake walikuja baadaye, juu ya msingi huo.

Kwa hiyo roboti unayoionea fahari ina babu aliyetengenezwa kwa mkebe uliookotwa. Wajapani hawakumtupa. Sisi mkebe wetu wa Kimbo tumeutupa na bado tunalipa ushuru wa forodha kuleta mjukuu wa mkebe wao.

Kinachopotea

Nisidanganye kwamba hili ni suala la hisia tu. Mwaka huu nilimtafuta fundi mmoja wa jua kali mjini Embu, anatengeneza masanduku ya shule na majiko. Nikamwomba anitengenezee mwendesha baiskeli, mdogo wa kutosha kuning'inia. Hakuomba mchoro. Alichukua waya, akakadiria kwa vidole vyake, na kabla ya saa kumi jioni goti lilikuwa linapanda na kushuka. Akaniuliza ni ya mtoto gani. Nikamwambia ni yangu, ya kuweka kwenye mti. Alicheka mpaka akaweka koleo chini.

Kisha nikamwuliza ni nani kati ya vijana wake wawili anayeweza kupinda ile ekseli. Akawatazama, akanitazama. Hakuna. Wanajua kuchomelea, wanajua kukunja bati, lakini mpindo ule hawajawahi kuuona. Walikua wakati vichezeo vya plastiki vya bei rahisi vimeshafika kila soko, kuanzia Embu hadi Gakoromone. Fundi mwenyewe amevuka miaka 60.

Tangu 2019 shule zetu zinafuata mtaala wa umilisi, ambao unamtaka mtoto atengeneze vitu kwa mikono yake. Matokeo yake tunayajua: saa mbili usiku mzazi anazunguka madukani kutafuta kadibodi na gundi, au anamlipa mtu atengeneze kazi ya mtoto. Wakati huohuo, mtoto akionekana na waya anaambiwa atupe uchafu huo asije akajitoboa jicho. Tunalipia somo ambalo tulikuwa nalo bure barabarani, halafu Desemba tunaning'iniza Mmarekani mtini na kusema huyo ndiye aliyetufundisha kupenda mashine.

Pendekezo langu

Kulalamika ni rahisi, kwa hiyo haya ndiyo ninayotaka tufanye. Nimeyapanga kama ninavyopanga mahitaji ya programu.

1. Liwe pambo linalosogea. Mwendesha baiskeli, mtu wa mkebe, matatu yenye usukani, chochote, lakini lisizidi shibiri moja na liwe na sehemu inayocheza ukizungusha gurudumu kwa kidole. Lisiposogea halijatimiza sharti.

2. Liandikwe mwaka, mahali na jina la fundi. Hapa Hallmark nawavulia kofia, wazo la mwaka ni zuri. Tuwaige hapo. Kipande kidogo cha bati, kimegongwa: mwaka, Embu au Meru, na jina la aliyelitengeneza. Pambo lao lina jina la kampuni. Letu liwe na la mtu.

3. Tusiweke chipu. Kila ninayemweleza wazo hili ananiambia nitie taa, sauti na blututhi. Nina ATtiny85 kadhaa kwenye droo, kila moja na kilobaiti nane za kuhifadhi programu, na ningeweza kufanya hivyo jioni moja. Sitafanya. Betri itakufa Januari, na mtoto akilifungua hataelewa kitu. Mpindo wa waya unaonekana wote kwa macho, na mwenye macho anaweza kuunakili.

4. Mchoro uwe huria, alama iwe ya mafundi. Mimi ni mtu wa programu huria na sitaki mtoto yeyote aombe ruhusa kutengeneza mtu wa waya. Lakini jina la kuuzia lisajiliwe kama alama ya pamoja ya mafundi wenyewe, kwenye Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya. Si ndoto. Wasusi wa vikapu wa Taita walisajili alama ya pamoja ya kikapu chao. Wakishaweza Taita, Embu na Meru tunashindwaje?

5. Tuagize mapema na tulipe mapema. Ukimpigia fundi simu tarehe 20 Desemba unataka vipande 40 kwa bei ya kutupa, huo ni unyang'anyi uliovaa kofia ya Krismasi. Agiza Agosti, lipa nusu, na sharti la oda liwe kwamba kijana mmoja wa kibandani afundishwe ule mpindo.

6. Tusiuze huruma. Hakuna picha ya mtoto mwenye kamasi kwenye kisanduku. Tunauza mashine ndogo iliyotengenezwa vizuri. Mnunuzi alipe kwa sababu goti linakunjika.

Tuna Chuo Kikuu cha Meru cha Sayansi na Teknolojia pale Nchiru. Tuna Chuo Kikuu cha Embu. Tuna vyuo vya ufundi pande zote mbili za barabara inayopita Chuka. Wanafunzi wa uhandisi wanaotafuta mradi wa mwisho waende wakapime ule mpindo, wauchore kwa vipimo, waweke michoro yote mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuipakua. Itakuwa kazi yenye manufaa kuliko mfumo mwingine wa kuandikisha mahudhurio.

Mwisho

Sina ugomvi na Optimus Prime. Kama unampenda, mpende. Muite mgeni, mpe kiti, mtundike hata tawi la juu. Ila usimtambulishe kwa wageni kama ndugu yako wa kuzaliwa wakati ndugu yako halisi yuko nyuma ya nyumba, ana kutu.

Desemba hii ukifika nyumbani, tafuta mjomba au kaka mkubwa aliyewahi kutengeneza mwendesha baiskeli na umkalishe chini na mtoto mmoja na mita mbili za waya. Zinunue kwenye hadiweya, tafadhali. Ua wa jirani uacheni, tulishaumaliza sisi.

Na mkikwama kwenye mpindo wa pili, niandikieni. Siri yake ni kuupinda kabla hujavisha magurudumu, si baada ya hapo.